Kuzunguka Kanchipuram kwa miguu, bila mtu wa kukuongoza

Wengi wetu tunaofika Chennai, kusini mwa India, tumemsindikiza mgonjwa, na kati ya kipimo na kipimo siku huwa ndefu. Ukipata mtu wa kukaa na mgonjwa, nenda Kanchipuram, mji wa mahekalu, kilomita 70 hivi kutoka hapo. Mimi ni fundi mwashi, kwa hiyo nakupeleka kifundi: tunaanza na jengo kongwe.

Panda treni ya alfajiri kutoka Chennai Beach, ile inayopitia Chengalpattu. Usichelewe, maana mahekalu mengi hufungwa mnamo saa sita mchana na kufunguliwa tena saa kumi. Beba soksi nzito. Viatu vinaachwa mlangoni, na sakafu ya mawe saa tano inaunguza.

Ukishuka, chukua bajaji hadi hekalu la Kailasanathar, pembeni mwa mji upande wa magharibi. Patana bei kabla hujakaa, na ukatae mapema kupitishwa kwenye duka la hariri. Hekalu hili lilijengwa na mfalme Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, mnamo mwaka 700. Hapa usiwe na haraka. Msingi ni graniti, lakini juu ni jiwe la mchanga, ambalo tindo inalikata kwa raha na mvua nayo inalila kwa raha. Tazama wale simba waliosimama kwa miguu ya nyuma: mmoja meno yote yapo, jirani yake uso umefutika. Wengine wamepigwa plasta miaka ya baadaye, na kwa kweli aliyeipiga angewaacha tu walivyo. Kisha zunguka ua. Ukutani kuna vihekalu vidogo 58. Chungulia kimoja kimoja, kwani katika vichache mabaki ya michoro ya rangi bado yameng'ang'ania.

Kutoka hapo tembea kurudi mjini hadi hekalu la Ekambareswarar. Huwezi kupotea, mnara wa lango lake la kusini una urefu wa karibu mita 59 na unauona kwa mbali. Aliyeujenga ni mfalme Krishnadevaraya, mwaka 1509. Ndani kuna ukumbi mrefu wa nguzo, na mwembe mtakatifu uani: wanasema chini yake mungu wa kike Parvati alifinyanga kwa mchanga linga, ile nguzo fupi inayomwakilisha mungu Shiva, akamwabudu. Asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa. Ukizuiwa, inamisha kichwa na upite, hakuna ugomvi. Anayejitolea kukueleza historia atataka hela mwishoni, basi mkatae mwanzoni, kwa upole.

Hekalu la Kamakshi ni jirani, pita ukiwahi.

Mchana kula idli ya Kanchipuram, kitumbua laini cha mchele na dengu kilichopikwa kwa mvuke, chenye pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi kavu. Kisha ingia mitaa ya wafumaji. Ukisikia mgongano wa mbao mlangoni, omba ruhusa utazame. Kwenye sari za asili pindo na kitambaa cha katikati hufumwa kwa nyuzi tofauti zinazofungamanishwa palepale kwenye kitanda cha kufumia, kazi ambayo mara nyingi huhitaji watu wawili. Mwenye nyumba akikuonyesha ule muungano, utaelewa bei.

Saa kumi nenda hekalu la Vaikunta Perumal. Ni tulivu, na kuta za baraza lake zimechongwa historia ya wafalme wa Pallava, picha baada ya picha. Kisha bajaji tena, hadi hekalu la Varadharaja Perumal, kusini-mashariki. Lipia ukumbi wa nguzo, utafute pembe za paa: kuna minyororo ya mawe inayoning'inia, pete ndani ya pete, iliyochongwa katika jiwe moja bila kiungo. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Katika bwawa la hekalu hilo imelazwa sanamu ya mbao ya mungu Vishnu, ambayo hutolewa kila baada ya miaka 40. Mara ya mwisho ilikuwa 2019.

Kurudi, usisubiri treni. Mabasi ya Chennai yanaondoka standi ya katikati ya mji hadi usiku.