Kabla ya kwenda angani, iandae saa ya mwili

Tangu vijana wa klabu yetu ya sayansi hapa Jinja waliposikia kwamba setilaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiwa angani Desemba 2022 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, wananiuliza: mtu akitaka kwenda huko, ajiandae vipi? Wengi hufikiria roketi na mavazi. Mimi naanza na usingizi. Setilaiti hailali. Sisi, kuku, maharage na hata ukungu wa mkate tuna saa ndani ya miili yetu, na saa hiyo imelelewa na Dunia inayojizungusha kwa saa 24.

Kwanza ijue saa unayoibeba. Jogoo huwika kabla mwanga haujatokea. Hasubiri jua limwambie. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia mmea gizani, wa jamii ya kifauwongo chetu, akaona majani yakiendelea kufumbuka mchana na kufumba usiku. Mnaweza kulijaribu hilo wenyewe. Chimbeni kifauwongo kando ya njia, kipandeni kwenye kopo, kifunikeni kwa boksi lisilopitisha mwanga, mkichungulie haraka asubuhi na jioni kwa siku mbili. Msikiguse tu, maana kikiguswa hufumba kwa sababu nyingine kabisa. Kwa binadamu, saa kuu ni kifundo cha seli kama 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Huenda polepole kidogo, ikipitisha saa 24 kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kila asubuhi mwanga hauna budi kuirudisha kwenye mstari.

Sisi wa ikweta jua limetudekeza. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mapambazuko husogea kwa nusu saa tu, mbele au nyuma, kati ya msimu na msimu. Ndiyo maana saa ya Kiswahili inatufaa: kunakucha, tunaanza kuhesabu saa moja. Kule kituoni, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, Dunia huzungukwa kila baada ya dakika 90. Jua huchomoza mara 16 kwa siku. Saa moja ya asubuhi ni ipi basi?

Kwa hiyo chagua mfumo mmoja wa saa wa kuufuata kabla hujaondoka. Kituo kinatumia saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu: Kampala ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa kumi alfajiri. Sogeza muda wa kulala kidogo kidogo siku kadhaa kabla ya safari. Bahati nzuri kwa Mganda, kutoka hapa unachelewesha usingizi, na wengi huona hilo ni rahisi kuliko kuuwahisha. Shirika la anga la Marekani, NASA, limewahi kuwaweka wanaanga mbele ya taa kali kabla ya kurushwa ili kuzisogeza saa zao.

Taa ndilo jambo ninaloliwekea mkazo kuliko yote. Macho yana seli zisizohusika sana na kuona sura. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama kumekucha, na mwanga wa buluu ndio unaozigusa zaidi. Jua la nje mchana linaweza kufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ilhali chumbani mara nyingi ni mia chache tu. Ndiyo sababu taa mpya za kituoni zina hali tatu: ya kazi za kawaida, ya kuamsha yenye buluu nyingi, na ya kabla ya kulala yenye buluu kidogo. Kabla ya taa hizo kufungwa, utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa wanaanga walilala kwa muda wa takriban saa sita tu, ingawa ratiba iliwapa nane na nusu, na robo tatu yao walitumia dawa za usingizi. Anayemjua askari wa usiku anayejaribu kulala saa sita mchana huku boda boda zikipita anaelewa mateso hayo. Chakula na mazoezi navyo viwe na saa zake, kwa kuwa ini na matumbo husoma wakati kwa mlo.

Kwa Mars hesabu ni nyingine. Siku ya kule ni saa 24 na dakika 39 na ushee. Ukiifuata, baada ya siku 18 hivi asubuhi yako imeangukia jioni ya Kampala.

Na mkitaka kupeleka kiumbe badala ya mtu, kumbukeni ukungu uitwao Neurospora, ulioruka na chombo cha Marekani mwaka 1983. Duniani huchora pete mpya ya mbegu kila saa 22 hivi, hata gizani. Angani pia uliendelea kuchora, ila mdundo wake ulidhoofika. Watafiti waliweza kusema hivyo kwa kuwa walibaki na ukungu wa aina hiyohiyo chini, wa kulinganisha nao. Kwa hiyo kabla ya yote, tayarisheni boksi la pili, mbali na lile la kwenda angani: mbegu zilezile, joto lilelile, giza lilelile, libaki darasani Jinja. Kama halijawa tayari, la kwanza lisiondoke.