Muulize mnunuzi kabla hujapanda

Bambo, yaani kile chuma chenye uwazi cha kutolea punje, likishachomwa kwenye gunia, maneno yote uliyomwambia mnunuzi hayana kazi tena. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini karibu na mshono, anamimina punje kiganjani na kuzinusa. Halafu anauma moja. Niliwahi kusimama kando ya mkulima aliyejaza mahindi ya kupendeza juu ya gunia na yaliyobunguliwa na dumuzi chini yake. Mnunuzi alianza kuchoma chini. Hakugomba hata kidogo. Alifunga daftari, akapanda gari akaondoka, na magunia mengine thelathini na kitu, yote safi, yakabaki palepale.

Wengi wetu humtafuta mteja wakati mazao yako ghalani, na swali letu la kwanza ni bei. Mimi nashauri swali la kwanza liwe hili: nafaka hii unaipeleka kufanya nini? Na liulizwe kabla mbegu haijaingia ardhini, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mbegu, mbolea, siku ya kuvuna na hata joto la kukaushia.

Tazama ngano. Mwoka mikate anataka unga wenye nguvu, kwa hiyo mara nyingi hutafuta ngano yenye protini ya asilimia 12 hivi au zaidi. Mtengeneza biskuti anataka unga laini, na protini ya asilimia 8 hadi 10 inamtosha. Mbolea ya naitrojeni inayowekwa kwa kuchelewa hupandisha protini, jambo linalomfurahisha wa kwanza na kumkera wa pili. Mnunuzi wa shayiri ya kimea ndiye mgumu kuliko wote. Naye hapendi protini ikizidi asilimia 12, na juu ya hapo anataka punje zilizo hai, maana kimea ni shayiri iliyooteshwa. Shayiri yako ikikaushwa kwa moto mkali, kiini kinakufa. Kwa macho haina kasoro, ila kwake haina maana. Kabla ya kumpelekea, otesha punje 100 kwenye kitambaa chenye maji uhesabu zilizochipua. Zikipungua 95, jiandae kukataliwa.

Kwa mpunga, kilio cha wateja ni chenga. Mkulima humlaumu mwenye mashine ya kukoboa, na wakati mwingine ana haki, lakini punje nyingi huwa zimeshapata nyufa shambani au uwanjani. Mpunga ukiachwa ukauke kupita kiasi kwenye shina, au ukianikwa kwenye jua kali kisha ukalowa umande usiku, hupasuka ndani bila wewe kuona. Vuna unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 25, anika huku ukigeuza mara kwa mara, funika jioni, na ukoboe ukifika asilimia 14. Usichanganye aina mbili za mpunga pia, kwa kuwa mpishi atakuta punje nyingine zimeiva na nyingine bado ni ngumu.

Kuna dhana kwamba nafaka mbovu ina mteja wake, yaani mtengeneza chakula cha mifugo. Huyu kweli hajali sana rangi, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, anaiogopa. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kuku nao hudumaa. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kinga yake iko mikononi mwako: kausha upesi, anika kwenye turubai wala si udongoni, usipukuchue kwa kupiga fimbo kwa sababu fimbo hupasua punje, kisha chambua zilizovunjika na zenye ukungu. Uchambuzi huo unachosha, nakubali, lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye hizo punje chache.

Sasa unyevu, ambao ndio chanzo cha ugomvi mwingi kwenye mizani. Chukua kilo 1,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Maji yaliyomo ni kilo 180, mahindi yenyewe kilo 820. Ukiyakausha hadi asilimia 13 utabaki na kilo 942 na ushei. Zile kilo 57 zinazopotea ndizo zinazomfanya mkulima asite kukausha. Mnunuzi naye hesabu hiyo anaijua. Ataikata kwenye bei, kisha ataongeza gharama ya kuanika upya na hofu yake ya ukungu. Heri mkubaliane mapema ni unyevu gani anaoutaka na atakata kiasi gani kwa kila asilimia inayozidi.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi theluthi, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda usikimbilie kushona magunia, maana inaweza kuwa bado 14 na kitu, na wanunuzi wengi wa mahindi hutaka yasizidi 13.5. Ongeza siku moja ya jua.

Waliojiunga kuuza pamoja wana tatizo lao. Gunia moja la mwanachama mzembe huharibu jina la shehena nzima. Andikeni kwenye kila gunia namba ya mkulima, aina ya mbegu, tarehe ya kuvuna na dawa ya ghalani iliyotumika kama ipo. Wako wateja wasiotaka kabisa nafaka iliyotiwa dawa. Hao wawekeeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Kabla gari halijaondoka, chukueni sampuli mbili mbele ya mnunuzi, mzifunge, kila upande ubaki na yake.

Mvua ikigoma na ukaona hutafikisha magunia mliyoafikiana, mpigie simu wiki hiyohiyo. Mwenye kinu ana mashine na vibarua wa kupanga; taarifa mbaya ya mapema anaweza kuifanyia kazi.

Na mwezi mmoja baada ya kuuza, nenda kwake bila gunia. Mwulize unga ulitokaje, pumba zilikuwa kiasi gani, na ni gunia gani lililomsumbua.