Picha za wanyama kwenye chumba cha mtoto

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, tena kwa rangi zinazopingana. Kwa hiyo pundamilia mweusi na mweupe karibu na meza ya kubadilishia nepi atamvutia kuliko sokwe wa rangi hafifu aliye mbali. Korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, anapendeza sana akiwekwa juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Chui anayetoa meno aachwe.

Usitundike fremu juu ya kitanda. Pale ni pa chandarua. Badala ya kioo, weka plastiki ngumu angavu, picha ionekane.

Kazi ngumu ni ukuta. Matofali yetu ya kuchoma hupigwa plasta ya mchanga na saruji, na msumari ukiishia kwenye plasta hulegea, kisha picha huanguka na kibonge cha ukuta. Toboa kwa keekee ya milimita 6, kina cha milimita 55. Puliza vumbi lote (likibaki, plagi ya plastiki, yaani kile kijiti chenye tundu kinachoshika skrubu ukutani, haishiki), sukuma plagi ipite plasta hadi ndani ya tofali, kisha funga skrubu ya milimita 4 kwa 50. Fremu inayozidi sentimita 40 kwa upana itake skrubu mbili, zipimwe kwa pima maji.

Usitoboe juu au chini ya swichi na soketi, maana nyaya hupita wima humo. Ukuta wa nje hushika unyevu wakati wa mvua: bandika vipande vya mpira nyuma ya pembe nne, hewa ipite, karatasi isiote ukungu.