Kutunza meno ya koko nyumbani

Mama mkwe wangu, ambaye tunamwita koko, yaani bibi, tunakaa naye hapa Goma, mtaa wa Himbi. Juu amevaa meno ya bandia. Chini yamebaki yake machache, yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu: ni floridi (aina ya madini), nyingi mno katika maji ya upande huu wa volkano, iliyoingia meno yakiwa bado yanaumbika utotoni. Usiyasugue kwa mkaa wala majivu, hayatoki. Utakwangua jino bure.

Kazi kubwa iko pale jino linapokutana na ufizi. Ukizeeka ufizi hurudi nyuma, mzizi unabaki wazi, nao hauna lile gamba gumu la nje, kwa hiyo huoza upesi. Shika mswaki laini, ulaze kidogo kuelekea ufizi, usugue taratibu dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floridi, ndiyo, hata kwetu: madoa huwapata watoto, si wazee. Akimaliza ateme tu, asisukutue.

Vidole vya koko vimekakamaa, mpini mwembamba unamponyoka. Nimeuzungushia kitambaa, juu yake nikakaza ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa anasugua mwenyewe, mimi nakagua. Hapendi, ananiuliza tangu lini nimekuwa mama yake.

Meno ya bandia yatolewe kila usiku. Hapo tunavutana, maana anaona haya wajukuu wamkute bila meno. Yaoshee juu ya basini lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Tumia sabuni ya kawaida na mswaki wake wa pekee. Dawa ya meno huyakwaruza. Yalaze katika maji baridi, kwa kuwa ya moto huyapinda. Ufizi na ulimi vipanguse kwa kitambaa laini kilicholowa.

Dawa nyingine za presha hukausha mdomo, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Apige funda la maji mara kwa mara. Kikombe cha chai ya sukari kinachonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni kibaya kuliko pipi moja baada ya bugali. Dawa asiziache, amweleze daktari.

Kidonda kisichopona wiki 2, jino linalotikisika, ufizi unaotoa damu kwa mwenye ugonjwa wa sukari: mpeleke kwa dentisti, si kwa mng'oaji wa sokoni. Beba vidonge vyake vyote, hasa vya kufanya damu iwe nyepesi, uvionyeshe kabla jino halijaguswa.