Sikiliza mdomo wa msomaji: kupima sura ya riwaya kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji

Msomaji akikwambia "ni nzuri", hujapata cha kufanyia kazi. Akikwama katikati ya sentensi, umepata. Mwongozo huu unahitaji watu 5, kurasa 15 na asubuhi moja.

1. Laza mswada. Usiuguse kwa wiki 3. Ukiupima siku uliyoumaliza, utasikia ulichokusudia kuandika badala ya ulichoandika.

2. Chagua sura na uichapishe. Acha sura ya kwanza, maana umeipiga msasa mno. Chukua ya katikati, yenye watu wanaozungumza. Tumia karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo ya sentimita 2.5, na uweke nambari za mistari. Kabla ya kwenda saiba, hifadhi kazi kama PDF. Kompyuta ya pale ikikosa fonti yako, mistari itahama na nambari zitakupoteza wakati wa kusahihisha. Toa nakala mbili tu: ya msomaji na yako. Wengine wasikilize bila karatasi, kwa sababu mwenye karatasi hutangulia.

3. Tafuta watu 5. Mwalimu wa Kiswahili awe mmoja, si zaidi, la sivyo kikao kitageuka somo la sarufi. Riwaya ikiwa ya wavuvi wa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria pale Kisumu, awepo anayeijua kazi hiyo. Ongeza mtu asiyesoma vitabu mara kwa mara. Huyo havumilii sentensi mbovu kwa heshima. Mwenzi wako abaki nyumbani.

4. Panga asubuhi. Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri, na chini ya mabati hakuna atakayesikika. Ukiomba nafasi kwenye maktaba, ulizia chumba cha pembeni, maana ukumbi wa kusomea ni wa kimya. Chai ije baadaye.

5. Wasome wao, wewe unyamaze. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila mmoja asome kurasa 3 kwa sauti bila kuzipitia kwanza. Kurasa 15 huchukua dakika 40 hivi. Kwenye nakala yako weka alama: mstari wima anaporudia sentensi, duara anapobadilisha neno, K wanapocheka, M macho ya wasikilizaji yanapohamia dirishani.

Duara ndilo la thamani zaidi. Umeandika "dagaa", msomaji wa Kisumu akatamka "omena" bila kujua: amekuonyesha neno linaloishi mdomoni mwa mhusika wako. Libadilishe, na usiweke maelezo; sufuria na ugali vilivyo kando yake vitamfahamisha msomaji wa mbali.

Mistari wima ikirundikana penye mazungumzo, angalia majina. Majina mengi ya Kijaluo ya wanaume huanza kwa O na ya wanawake kwa A. Ukiwaweka Otieno, Ochieng na Odhiambo chumba kimoja, msomaji anawachanganya kabla ya ukurasa kwisha. Kiswahili nacho hakisaidii: "alimwambia" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Muache mmoja na jina lake, wa pili aitwe kwa kazi, wa tatu kwa alikotoka, kama Ja Seme, yaani mtu wa Seme. Kisha punguza "alisema": mpe kila mmoja jambo la kufanya kwa mikono, nayo itamtambulisha.

Sababu nyingine ya kurudia ni kitenzi kilichotengwa mbali na nomino yake. Mtu akipita "ambayo" tatu, hakumbuki tena ni nini "kilichoanguka". Kata sentensi iwe mbili.

6. Uliza maswali 3, usijitetee. "Nani alikuwa chumbani mlango ulipofunguliwa?" "Ni wapi ungeweka kitabu chini?" "Unadhani kesho yake kutatokea nini?" Ukianza kueleza ulichomaanisha, wataanza kukubaliana nawe na kikao kimekwisha. Andika majibu kwa maneno yao. Usiulize kama wamependa.

7. Sahihisha ndani ya siku mbili, sauti zao zikiwa bado masikioni. Panapowachanganya watu 3 au zaidi, andika upya. Panapomsumbua mmoja, pasome tena kwa sauti mwenyewe kabla ya kuamua. Ila mvuvi akisema nyavu hazitegwi hivyo, msikilize hata akiwa peke yake.

Kikao cha pili tafuta watu wapya. Wa kwanza wanajua tayari nani ni nani, kwa hiyo midomo yao itateleza hata penye kasoro. Wahifadhi hadi mswada wote ukamilike, kisha wape tangu ukurasa wa kwanza, waende nao nyumbani.