Jinsi ya kutengeneza msimbo wa QR unaotaja idadi ya miraba yake

Mpwa wangu alitaka kubandika kwenye ubao wa klabu yao ya hisabati msimbo wa QR ambao, ukiskaniwa, unataja idadi ya miraba yake myeusi. Ugumu wake ni kwamba ukibadilisha namba iliyomo kwenye sentensi, picha nayo hubadilika, na hesabu huharibika tena.

Hatua ya 1. Sakinisha Python (lugha ya kuandikia programu) na Segno, maktaba yake ya kutengenezea misimbo ya QR. Tovuti za kutengenezea QR sizishauri hata kidogo kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi hukuchagulia kila kitu.

Hatua ya 2. Andaa sentensi. «Msimbo huu una miraba myeusi 312» ina herufi 32 pamoja na nafasi, nazo ndizo zinazojaza kabisa toleo la 2 (miraba 25 kwa 25, yaani 625) katika kiwango L, cha chini kabisa, cha kurekebisha makosa. Ukiweka nukta mwishoni, utalazimika kuhamia toleo la 3 lenye miraba 841. Kwa hiyo usiweke nukta.

Hatua ya 3. Kwa kila namba kuanzia 200 hadi 425, tengeneza msimbo, hesabu miraba myeusi, na uhifadhi picha pale hesabu inapolingana na namba iliyoandikwa.

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima bila kupata hata jibu moja. Kila msimbo wa QR hupitishwa kwenye mojawapo ya ruwaza 8 zinazogeuza baadhi ya miraba kutoka nyeusi kuwa nyeupe na kinyume chake, na programu, isipoelekezwa, huchagua yenyewe ile inayosomeka vizuri zaidi. Kwa hiyo kila namba hupata nafasi moja tu, na kwa makadirio yangu, utafutaji wa namna hiyo hutoka mikono mitupu zaidi ya mara moja kati ya tatu. Lazimisha ruwaza zote, 0 hadi 7 (s ni sentensi, m ni namba ya ruwaza):

`segno.make_qr(s, version=2, error="l", mask=m, boost_error=False)`

Picha zitakuwa 1,808, na uwezekano wa kukosa jibu hubaki mdogo sana. Ukikosa, badilisha neno moja kwa lingine lenye urefu uleule. Ukipata majibu kadhaa, yajaribu kwa simu mbili tofauti, kwani ruwaza iliyolazimishwa huweza kusomeka kwa shida.

Hatua ya 4. Chapisha ukiacha ukingo mweupe wenye upana wa miraba 4. Usiweke nembo katikati: hata kama simu itaendelea kusoma, miraba iliyofunikwa haitahesabika, na sentensi itakuwa ya uongo. Mpwa wangu aliihesabu yote kwa penseli, mstari baada ya mstari, kabla ya kukubali kuibandika.