Ampu ya spika za elektrostatiki: ulizia omu kabla ya wati

Kila mtu hapa Mombasa anayebahatika kupata spika za elektrostatiki, ziwe zile Quad za zamani alizoachiwa na babake ama MartinLogan zilizokuja kwa meli, huniuliza swali lile lile, niweke ampu (amplifaya, kile kisanduku cha kuisukuma spika) ya wati ngapi. Na jibu langu ni moja, wati ziweke kando kwanza, ulizia hiyo ampu yafanya nini omu za spika (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) zikishuka mpaka moja.

Sababu ni hii. Spika ya kawaida ina koili na koni, umeme wa muziki wapita kwenye koili, koni yasukumwa, basi. Elektrostatiki haina koili. Ina utando mwembamba kuliko juala, umetandazwa katikati ya mabati mawili yenye matundu, huo utando wapewa chaji ya volti elfu kadhaa kutoka kwa stima ya ukutani (ndo maana hizi spika zina waya wa kuchomeka kwa soketi), na muziki wenyewe wapitia kwa transfoma inayopandisha volteji mara nyingi sana kabla haujafika kwenye mabati. Sasa ampu yako haioni koili hapo, yaona kapasita (mabati yanayotazamana bila kugusana, yakaweka chaji) iliyojificha nyuma ya transfoma, na kapasita tabia yake ni moja tu, masafa yakipanda ukinzani wake washuka. Kwa hivyo sauti ya mtu na besi ampu yapumua, zikija zile sauti nyembamba za juu kabisa mzigo wageuka kuwa kama mtu amegusisha waya mbili pamoja.

MartinLogan Summit X karatasi yake yasema omu 4, lakini ukiisoma mpaka mwisho utaona 0.7 kwa kilohezi 20. Quad ya kwanza kabisa, ile ESL aliyoitoa Peter Walker kule Uingereza mwaka 1957, katikati yakaa kwenye omu kumi na tano hivi, ukipanda juu yateremka hadi karibu na 2. Yaani hata ndani ya spika moja kuna spika mbili, na ampu lazima izimudu zote.

Mimi nilijifunza kwa kupoteza pesa. Nilinunua ampu ya mtumba, jina la kampuni silitaji, imeandikwa wati 120 kila upande na kwa spika za kawaida ilikuwa yaunguruma vizuri sana, nikaibeba mpaka nyumbani Mji wa Kale nikaifunga, nikaweka taarab. Mwimbaji akaanza, raha tupu, nikamwita mke wangu aje asikie. Vinanda vya fidla vilipoingia vyote kwa pamoja, TA! rilei (swichi ya ndani ya kujilinda) ikakata, kimya. Nikapunguza sauti, nikawasha tena, dakika mbili, TA! Usiku mzima hivo. Nilidhani spika zimekufa kumbe ni ampu inajilinda, yaona mkondo umekuwa mwingi kwa sauti za juu yafikiri kuna shoti. Fundi wangu alipoifungua tukakuta transista mbili mbili tu kila upande na transfoma ndogo ya kushangaza kwa ampu ya wati hizo.

Kwa hivyo ukishika karatasi ya vipimo usisome ule mstari wa omu 8 peke yake. Tafuta 4, halafu tafuta 2. Ampu yenye nguvu ya kweli kama ni wati 100 kwa omu 8 itakuwa karibu 200 kwa 4, na kwa 2 yaongezeka tena, si lazima 400 kamili lakini ipande. Ikiwa ni 100 kwa 8 na 130 kwa 4 halafu kwa 2 hawajaandika kitu, iache dukani. Zile risiva za sinema za nyumbani zenye chaneli saba wengi wao hawakuandika hata 4, usizijaribu kabisa. Na muulize muuzaji kama ampu hutulia ikifungiwa mzigo wa kapasita, akikuangalia tu, mwambie akuandikie barua pepe kwa waliotengeneza. Ampu isiyotulia huanza kutetema kwa masafa usiyoyasikia, wewe waona tu imepata moto bila sababu, halafu siku moja yanuka.

Valvu sasa, zile ampu za taa za kioo. Najua wengi mwazipenda, na mimi nazipenda, na hizo Quad za 1957 zilikuwa zikiendeshwa na Quad II ya wati 15 tu, ya valvu, na bado watu wanaililia sauti ile. Lakini ampu ya valvu mara nyingi ina ukinzani wake wenyewe mlangoni, na hapo ndo hesabu inapokuja. Chukua ampu yenye omu 1 ya ndani. Spika ikiwa omu 8 wapoteza desibeli 1, huwezi kuhisi sana. Spika ikishuka ikawa omu 1, nusu ya volteji yabaki ndani ya ampu, hizo ni desibeli 6 zimeliwa, na zimeliwa juu peke yake. Nilimsikiliza mpiga udi Zein l'Abdin kwa ampu kama hiyo, udi wake ulikuwa mtamu, mzito, lakini ile risha (kipande cha kupigia udi) ikigusa waya kabla noti haijatoka, ule mkwaruzo mdogo kama ukucha kwenye ubao, haukuwepo. Tukahamisha waya kutoka tundu la omu 8 tukautia kwenye tundu la omu 4, mkwaruzo ukarudi nusu. Kwa hivyo kama moyo wako uko kwa valvu, chagua yenye tundu la omu 4 ama hata 2, na yenye transfoma kubwa ya kutolea sauti, na ujue kidogo cha juu kitapungua. Kuna spika za elektrostatiki ambazo ni kali juu, hizo zitakushukuru.

Nguvu kupita kiasi nayo ni hatari, haswa kwa Quad za kwanza. Hizo mwisho wake ni kilele cha volti 33. Ampu ya wati 100 kwa omu 8 yaweza kufika kilele cha volti 40, na ukizidisha cheche yaruka kati ya utando na bati, tundu latoboka, paneli imekwisha. ESL-63 ya mwaka 1981 ilikuja na sakiti ya kujilinda, za kwanza hazina. Kwa hizo za kwanza bora ampu ndogo iliyo imara kuliko kubwa, na watoto wasiifikie nobu.

Sasa tuje kwa jambo ambalo majarida ya Ulaya hayatakwambia kwa sababu wao wana baridi. Ampu za klasi A, zile ambazo transista zake hazipumziki hata kidogo, ni nzuri mno kwa elektrostatiki, hilo nakubali, lakini ya wati 30 kila upande hula kwa kawaida zaidi ya wati 200 muda wote, hata kama hakuna muziki, na hizo zote zageuka moto chumbani mwako. Januari hapa na kaskazi yavuma, saa tatu za usiku bado wajipepea, waiwashia nini pasi nyingine? Kama chumba hakina AC mimi nakushauri klasi AB, isiyokula umeme mwingi hivyo muziki ukitulia, yenye mapezi makubwa ya kupozea, basi. Epuka zenye feni, kwa sababu feni yavuta hewa ya chumvi ndani. Nimeona ampu ya Nyali, nyumba yatazama bahari, miaka mitatu tu na vichwa vya skrubu vimeota kutu ya kijani. Klasi D, zinazowasha na kuzima transista kwa kasi sana, hazipati moto, lakini za zamani zina koili na kapasita mlangoni ambazo zikikutana na kapasita ya spika sauti za juu zaweza kupanda ama kushuka vibaya. Za siku hizi zinazochukua fidibaki (kuipima sauti inayotoka na kuirekebisha) baada ya koili, kama zile za Hypex Ncore, hizo nazikubali na kwa hali yetu ya joto nazipa nafasi kubwa.

Kabla hujalipa, chukua mita ya fundi. Washa ampu bila muziki, ngoja dakika ishirini, pima volteji ya DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri) kwenye matundu ya spika. Ikizidi milivolti 50 usiifunge, manake transfoma ya elektrostatiki nzima, isiyo na spika ya besi ya kawaida, ina waya wa upinzani mdogo sana na hiyo DC itaishibisha sumaku, besi iharibike. Angalia pia nyuma imeandikwa volti ngapi. Vitu vya Marekani ni 120, vya Japani 100, na sisi ni 240. Na waya za spika ziwe fupi, nene, za kawaida.

Halafu omba ukae nayo siku mbili nyumbani, kwa spika zako mwenyewe, muuzaji wa kweli hukubali ukiacha amana. Weka udi, weka fidla nyingi, sauti ya pale unapopenda, saa nzima mchana wa jua kali. Kisha weka kiganja juu ya mapezi. Ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kuuvuta mkono, rilei haijakata, na risha bado waisikia ikigusa waya, mpelekee pesa zake.